Uzi: TSMC ilivyolitawala soko la chipu duniani bila kuuza chipu yake yenyewe

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam. Kwa muda mrefu nimefuatilia mijadala ya humu kuhusu Apple, Nvidia na AMD, na nimeona kwamba kampuni inayozitengenezea zote tatu chipu zao hutajwa kwa mstari mmoja kisha ikaachwa. Kampuni hiyo ni Taiwan Semiconductor Manufacturing Company, inayojulikana kwa kifupi kama TSMC, yenye makao makuu katika mji wa Hsinchu nchini Taiwan. Hutaikuta dukani chipu yoyote yenye jina lake. Hata hivyo mwaka 2024 iliingiza mapato ya takriban dola bilioni 90, ikashika zaidi ya asilimia 60 ya soko la dunia la kutengeneza chipu kwa oda za wengine, na katika chipu za kiwango cha juu kabisa sehemu yake inakadiriwa kukaribia asilimia 90. Ningependa tuijadili safari hiyo kwa kirefu, kwa sababu naamini kwamba maelezo mawili yanayotolewa mara kwa mara, yaani kwamba ilibebwa na serikali na kwamba ilitegemea vibarua wa bei nafuu, hayatoshi hata kidogo.

Kabla ya mwaka 1987, mtu aliyebuni chipu lakini hana kiwanda alilazimika kwenda kuomba nafasi iliyobaki katika viwanda vya kampuni kubwa, ambazo nazo zilikuwa zikiuza chipu za namna ile ile. Alihudumiwa wa mwisho, na biashara ya mwenye kiwanda ilipochangamka aliondolewa kwenye foleni bila kuulizwa. Zaidi ya hapo, ilimbidi amkabidhi mshindani wake mchoro wake wote. Hofu hii tunaifahamu kwa fundi cherehani: anayempelekea fundi kitambaa pamoja na mshono alioubuni mwenyewe huogopa kuharibiwa kitambaa, lakini huogopa zaidi kupita wiki inayofuata na kuukuta mshono ule ule umetundikwa mlangoni mwa fundi ukiuzwa. TSMC ilianzishwa juu ya ahadi kwamba haitabuni wala kuuza chipu yake yenyewe, na ahadi hiyo haijavunjwa hadi leo. Nitajaribu kuonyesha kwamba bila ahadi hiyo hata fedha na ufundi wake visingeifikisha hapa ilipo.

#2 – Mleta uzi

Naendelea na mwanzilishi wake. Morris Chang alizaliwa Ningbo, China, mwaka 1931, na utoto wake ulikuwa wa kuhamahama kutokana na vita. Mwaka 1949 alikwenda Marekani kusoma Harvard, baadaye akahamia chuo cha MIT, akapata huko shahada mbili za uhandisi wa mitambo, kisha akafeli mara mbili mtihani wa kumruhusu aendelee na shahada ya uzamivu. Aliajiriwa na kampuni ya Sylvania mwaka 1955, na mwaka 1958 akajiunga na kampuni ya chipu ya Marekani, Texas Instruments, ambayo baadaye ilimlipia masomo ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford, akahitimu mwaka 1964.

Kazi yake ya kwanza pale Texas Instruments inaeleza mambo mengi ya baadaye. Alikabidhiwa mstari wa kutengeneza transista (swichi ndogo za umeme ambazo chipu hujengwa kwazo) kwa ajili ya kampuni ya kompyuta ya IBM, ambao karibu kila kilichotoka humo kilikuwa kibovu. Ifahamike kwamba chipu hutengenezwa kwa mamia juu ya sahani moja nyembamba ya silikoni, kwa mamia ya hatua zinazofuatana, na doa dogo lisiloonekana kwa macho katika hatua moja huiua chipu nzima. Kwa hiyo biashara yote imesimama juu ya mavuno, yaani ni chipu ngapi nzima zinapatikana katika kila sahani. Chang alikaa na mstari ule miezi kadhaa akibadilisha joto na mgandamizo hatua kwa hatua, hadi mavuno yakatoka karibu na sifuri na kupita asilimia 20, ambayo yalikuwa bora kuliko yale ya IBM wenyewe.

Jambo la pili alilojifunza huko ni bei. Yeye na washauri wa Boston Consulting Group walifikia hoja kwamba gharama ya chipu hushuka kadiri kiwanda kinavyotengeneza nyingi zaidi, kwa sababu wahandisi hujifunza kutokana na makosa ya kila sahani. Basi ni heri kushusha bei mapema, kabla gharama haijashuka, ili kupata oda nyingi, na oda hizo ndizo zitakazoleta ujuzi wa kushusha gharama. Washindani wa Texas Instruments waliona kama wazimu.

Alidumu hapo miaka 25, akasimamia biashara yote ya chipu ya kampuni hiyo duniani, lakini hakupewa kiti cha juu, na mwaka 1983 akaondoka. Mwaka 1985, akiwa na umri wa miaka 54, alialikwa Taiwan kuongoza taasisi ya serikali ya utafiti wa teknolojia za viwanda, ITRI. Taiwan ilikuwa imeanza maandalizi zamani: mwaka 1976 ilipeleka wahandisi vijana katika kampuni ya RCA ya Marekani kujifunza kutengeneza chipu, na mwaka 1980 ikafungua eneo maalumu la viwanda vya teknolojia pale Hsinchu. Waziri K. T. Li, ambaye ndiye aliyekuwa nguzo ya sera hizo, alimtaka Chang alete mpango wa kampuni ya chipu. Chang ameeleza mwenyewe kwamba alipoipima Taiwan aliiona dhaifu katika utafiti, dhaifu katika ubunifu wa chipu na dhaifu katika kuuza. Kitu pekee kilichokuwa na dalili ya nguvu kilikuwa utengenezaji. Akaamua kuanzisha kampuni inayofanya hicho kimoja tu.

Fedha hazikupatikana kwa urahisi. Intel, mtengenezaji mkubwa wa chipu wa Marekani, na Texas Instruments zilikataa kuwekeza. Serikali ilitoa karibu nusu ya mtaji, Philips ya Uholanzi ikachukua asilimia 27.5 na kuruhusu teknolojia yake itumike, na kilichobaki kilitoka kwa wafanyabiashara wa Taiwan, ambao baadhi yao hawakutaka hadi serikali ilipowabana. TSMC ikaundwa rasmi Februari 1987.

#3 – Mchangiaji, Mombasa

Ndugu mleta uzi, nashukuru kwa maelezo yako. Nina hoja moja. Umesema mwanzoni kwamba kubebwa na serikali si maelezo ya kutosha, lakini wewe mwenyewe umeandika kwamba serikali ilitoa karibu nusu ya mtaji, ikajenga eneo la viwanda, ikalipia mafunzo ya wahandisi na hata ikawabana matajiri wachangie. Kwa msaada wa namna hiyo, je, kampuni yoyote isingefanikiwa?

#4 – Mleta uzi

Hoja yako ni ya haki, kaka, na sitaki kuipunguza uzito. Bila serikali ya Taiwan, TSMC isingezaliwa. Ninachokataa ni kuchukua sababu ya kuzaliwa kwake na kuifanya sababu ya kutawala kwake. Ithibati iko jirani kabisa. Kampuni ya UMC ilizaliwa mwaka 1980 kutoka katika taasisi ile ile ya ITRI, ikiwa na wahandisi waliopitia mafunzo yale yale, katika eneo lile lile la Hsinchu, na ikiitangulia TSMC kwa miaka 7. Leo sehemu yake ya soko haifiki asilimia 10. Tofauti kubwa ya mwanzo ni kwamba UMC ilikuwa ikibuni na kuuza chipu zake yenyewe. Iligeuka kuwa kiwanda cha oda za wengine tu katikati ya miaka ya 1990, ikavitoa nje vitengo vyake vya ubunifu vikawa kampuni zinazojitegemea, mojawapo ikiwa MediaTek. Kwa maneno mengine, mpinzani mwenye msaada ule ule alilazimika kuufuata mpango wa Chang, ila kwa kuchelewa.

Turudi kwenye miaka ya mwanzo, ambayo kwa kweli ilikuwa ya unyonge. Teknolojia ya TSMC ilikuwa nyuma ya Marekani na Japani kwa zaidi ya kizazi kimoja cha chipu, na oda ilizopata zilikuwa zile ambazo wenye viwanda vyao hawakutaka kujisumbua nazo. Hatua muhimu ilikuja mwaka 1988, pale Intel chini ya mkuu wake, Andy Grove, ilipokubali kukikagua kiwanda. Wakaguzi walitoa orodha ndefu ya kasoro, TSMC ikazirekebisha moja baada ya nyingine, na hatimaye ikaidhinishwa kutengeneza baadhi ya chipu za Intel. Kiwanda kilichoidhinishwa na Intel hakikuhitaji tena kujieleza sana kwa wateja wengine.

Wateja hao ndio walikuwa wakizaliwa wakati huo. Xilinx ilianzishwa mwaka 1984, Qualcomm 1985, Broadcom 1991 na Nvidia 1993, zote zikiwa kampuni za wabunifu wasio na viwanda. Wahandisi wachache wenye mchoro mzuri sasa waliweza kuanzisha kampuni bila kutafuta mamia ya mamilioni ya dola za kujenga kiwanda. Jensen Huang, mkuu wa Nvidia, amesimulia kwamba, baada ya kushindwa kuifikia ofisi ya mauzo ya TSMC, alimwandikia Chang barua, na siku moja simu ikalia ofisini mwao penye kelele, akawaambia wenzake wanyamaze kwa kuwa aliyepiga ni Morris Chang. Kuanzia mwaka 1998 chipu za Nvidia za kuonyesha picha kwenye kompyuta (graphics) zikawa zinatengenezwa Hsinchu. Wakati huo Nvidia ilikuwa kampuni changa iliyonusurika kufilisika, na hakuna aliyejua itafika wapi. Hapo ndipo nguvu ya mpango huu ilipo: TSMC haikuhitaji kubashiri ni mbunifu gani atashinda, ilihitaji tu kuhakikisha kwamba atakayeshinda atakuwa ametengenezea kwake.

#5 – Mleta uzi

Sasa nafika kwenye kipindi ambacho nadhani kilikuwa njia panda yenyewe, yaani miaka ya 2000 hadi 2003. Vizazi vya teknolojia hupimwa kwa udogo wa maumbo yanayochorwa kwenye chipu, na kizazi kilichokuwa kikisubiriwa kilikuwa cha mikroni 0.13 (mikroni ni sehemu moja ya milioni ya mita). Kilikuwa kigumu kuliko vilivyotangulia kwa sababu nyaya nyembamba za ndani ya chipu zilikuwa zikibadilishwa kutoka alumini kwenda shaba, na kinga kati ya waya na waya ilitakiwa iwe ya aina mpya. IBM ilikuwa imetangulia katika teknolojia ya shaba, ikawaalika Wataiwani washirikiane nayo. UMC ilikubali. TSMC ilikataa, ikalikabidhi jukumu hilo kundi lake lenyewe la wahandisi chini ya Chiang Shang-yi.

Njia ya IBM ilifanya kazi maabara lakini ikasumbua sana ilipofika kwenye utengenezaji wa wingi, na UMC ikachelewa pamoja nayo. TSMC ilifika sokoni na teknolojia yake yenyewe, na tangu hapo UMC haikuweza tena kuifikia. Kwa msomaji wa ukanda wetu nitaongeza jambo moja dogo: shaba hupenya kwenye silikoni na kuiharibu, kwa hiyo kila waya wa shaba hufunikwa kwanza kwa utando mwembamba wenye tantalamu, madini ambayo sehemu kubwa yake duniani huchimbwa Kongo na Rwanda.

Wakati ule ule TSMC iliamua jambo jingine lililobadilisha sekta nzima. Michoro ya chipu hupigwa kwenye silikoni kwa mwanga, na kadiri urefu wa wimbi la mwanga ulivyo mfupi ndivyo mchoro unavyoweza kuwa mdogo. Sekta ilikuwa ikitumia mwanga wa nanometa 193 (nanometa ni sehemu moja ya elfu ya mikroni) na ilikuwa imekwisha kutumia fedha nyingi mno kujiandaa kuhamia nanometa 157, jambo lililohitaji lenzi za aina mpya ambazo ni shida kubwa kuzitengeneza. Mhandisi Burn Lin, aliyejiunga na TSMC mwaka 2000 akitokea Marekani, ambako alikuwa amefanya kazi IBM kwa miaka mingi, alitoa hoja mwaka 2002 kwamba safari hiyo haikuwa na haja. Mwanga ule ule wa 193 ukipitishwa kwenye maji, alisema, unakuwa sawa na wimbi la nanometa 134, fupi kuliko 157 iliyokuwa ikitafutwa kwa gharama zote zile. Kilichohitajika ni tabaka jembamba la maji safi kati ya lenzi na sahani ya silikoni.

Kampuni kubwa za mashine hizo, Nikon na Canon za Japani, zilikuwa zimewekeza sana kwenye njia ya zamani na hazikufurahi. ASML ya Uholanzi, ambayo wakati huo ilikuwa ikiwafukuzia Wajapani hao, ilikubali kulijaribu wazo hilo pamoja na TSMC, na mashine za maji zikawa kawaida ya dunia nzima. Napenda kisa hiki kwa sababu kinavunja dhana kwamba kampuni hii ni mikono tu ya kutekeleza mawazo ya wengine. Kuhusu vibarua wa bei nafuu niseme kwa ufupi kwamba katika kiwanda ambacho mashine moja hugharimu mamilioni mengi ya dola, mshahara ni sehemu ndogo ya gharama. Faida ya Taiwan ilikuwa wahandisi waliobobea, wasiohamahama sana kazini, walio tayari kurudi kiwandani saa nane za usiku mashine ikisimama.

#6 – Mleta uzi

Mwaka 2005 Chang alimwachia Rick Tsai nafasi ya mtendaji mkuu, yeye akabaki mwenyekiti. Mgogoro wa fedha wa mwaka 2008 ulipopiga, oda zikaporomoka na uongozi ukaanza kupunguza wafanyakazi. Walioondolewa waliandamana hadi karibu na nyumbani kwa Chang. Juni 2009, akikaribia kutimiza miaka 78, alirudi mwenyewe kwenye nafasi ya mtendaji mkuu, akawaalika walioachishwa warudi kazini, akamrudisha pia Chiang Shang-yi aliyekuwa amestaafu. Kisha akafanya jambo lililowatia hofu hata baadhi ya wajumbe wa bodi: mwaka 2010 kampuni ilitumia dola bilioni 5.9 kwa mitambo na majengo, zaidi ya mara mbili ya bilioni 2.7 za mwaka uliotangulia, wakati wengine bado walikuwa wakikaza mikanda.

Hesabu yake ilikuwa kwamba simu janja zingehitaji chipu kwa wingi usiowahi kuonekana. Kizazi cha nanometa 28 kilipoingia kwenye utengenezaji wa wingi mwaka 2011, TSMC ilikuwa na majengo tayari. Ilikuwa pia imechagua vizuri kiufundi: kundi lililofuata njia ya IBM, zikiwemo Samsung na GlobalFoundries, liliamua kuliunda lango la transista (sehemu inayowasha na kuzima umeme) mwanzoni mwa mchakato, na TSMC ikaamua kuliunda mwishoni, kama Intel ilivyokuwa ikifanya. Njia ya kundi lile ilichelewa, na kwa muda mrefu soko la nanometa 28 lilikuwa karibu lote la TSMC.

Hapa ndipo Apple inapoingia. Chipu za iPhone zilikuwa zikitengenezwa na Samsung, ambayo wakati huo huo ilikuwa ikiuza simu za Galaxy zinazoshindana na iPhone moja kwa moja, na Aprili 2011 Apple iliipeleka Samsung mahakamani kwa madai ya kuiga. Fundi alikuwa ameutundika mshono mlangoni. Jeff Williams, aliyekuwa kiongozi wa juu wa Apple, amesimulia hadharani kwamba mwaka 2010 alialikwa chakula cha jioni nyumbani kwa Chang, na mazungumzo ya meza ile yakazaa uwekezaji wa dola bilioni 9, na watu 6,000 wakifanya kazi usiku na mchana hadi kiwanda kikasimama kwa miezi 11. Septemba 2014 iPhone 6 ilitoka ikiwa na chipu ya A8 iliyotengenezwa na TSMC. Mwaka uliofuata Samsung ilirejea kwa kugawana kazi ya A9, kisha kuanzia A10 ya mwaka 2016 kazi yote ikawa ya TSMC.

#7 – Mchangiaji, Muscat

Assalamu alaikum. Nimefaidika sana na uzi huu. Umetaja GlobalFoundries, na huku Ghuba tunakumbuka kwamba Abu Dhabi iliweka mabilioni ya dola humo. Ilikuwaje kampuni yenye mfuko wa mafuta nyuma yake, na yenye teknolojia ya AMD, ikashindwa na kampuni ya kisiwa kidogo? Na Intel je, ambayo haikuwa na shida ya fedha wala ya wataalamu?

#8 – Mleta uzi

Waalaikum salaam, ndugu yangu. Swali lako linagusa kiini cha jambo, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

GlobalFoundries iliundwa mwaka 2009 AMD ilipovitoa viwanda vyake na Abu Dhabi ikaweka fedha. Ilikuwa na fedha, lakini ilikosa wingi na aina za wateja ambao TSMC ilikuwa imewakusanya kwa zaidi ya miaka 20. Kila kizazi kipya cha chipu hugharimu zaidi ya kile kilichotangulia, na leo kiwanda kimoja cha kiwango cha juu hukaribia dola bilioni 20. Gharama hiyo inabebeka pale tu ambapo Apple inachukua nafasi zote za mwaka wa kwanza kwa bei ya juu, kisha Qualcomm, AMD, Nvidia na MediaTek wanafuata, na baada ya miaka kadhaa, mitambo ikiwa imekwisha kurudisha fedha yake, kiwanda kile kile kinaendelea kutengeneza chipu za magari, televisheni na vifaa vya intaneti kwa faida nzuri. TSMC ina wateja zaidi ya 500. Faida ya viwanda vya zamani hulipia viwanda vipya, wingi wa sahani huwafundisha wahandisi kuongeza mavuno, na mavuno mazuri huleta wateja zaidi. Agosti 2018 GlobalFoundries ilitangaza kwamba inaachana na kizazi cha nanometa 7, kwa kuwa hesabu haikuwa ikitoka tena. AMD, mzazi wake mwenyewe, ikahamishia chipu zake mpya TSMC, na tangu mwaka 2019 ndizo zilizoirudisha kwenye ushindani na Intel.

Intel iliumia kwa namna nyingine. Kwa miongo kadhaa iliongoza dunia kiteknolojia, ikitengeneza chipu zake yenyewe. Paul Otellini, aliyekuwa mtendaji mkuu wake, alieleza mwaka 2013 kwamba waliikataa kazi ya chipu ya iPhone kabla simu hiyo haijatoka, kwa kudhani kwamba bei iliyotolewa isingefidia gharama na kwamba idadi isingekuwa kubwa. Idadi ikawa kubwa mno, na ujuzi unaotokana na idadi hiyo ukaenda kwa wengine. Teknolojia yake ya nanometa 10, iliyotarajiwa kati ya 2015 na 2016, haikufika kwenye wingi wa kweli hadi 2019. Miongoni mwa sababu ni kwamba ilitaka kubana maumbo mengi mno kwa mara moja bila kutumia mwanga mpya wa nanometa 13.5, ambao mashine za ASML huuzalisha kwa kupiga matone ya bati kwa leza mara 50,000 kwa sekunde. TSMC ilitembea hatua fupi: nanometa 7 bila mwanga huo kwanza, kisha mwaka 2019 ikauingiza kwenye tabaka chache tu, na mwaka 2020 ikautumia zaidi katika nanometa 5. Mwaka 2014 ilikuwa tayari imeunda zamu tatu za watafiti wa maendeleo ya nanometa 10, ili utafiti usilale usiku. Ni mpango ulioibua maswali halali kuhusu afya ya wafanyakazi, na mimi binafsi siwezi kuusifu bila kusita.

Mwaka 2024 Intel iliuza chipu za kompyuta mpakato ambazo sehemu yake kuu ya hesabu ilitengenezwa na TSMC kwa nanometa 3.

#9 – Mchangiaji, Mwanza

Mkuu, mimi nina swali la kawaida tu. Sisi wengi hatuna iPhone wala kompyuta za akili bandia. Je, ukuu huu wa TSMC unatugusa vipi sisi wa simu za laki tatu?

#10 – Mleta uzi

Unakugusa moja kwa moja, mkuu. Simu nyingi za Tecno na Infinix zinazouzwa kwetu hutumia chipu za MediaTek, na mfululizo wa Helio G85 na G88 uliomo katika simu nyingi za bei ya kati umetengenezwa na TSMC kwa nanometa 12. Hivyo ndivyo viwanda vya zamani nilivyovizungumzia katika jibu lililopita, vilivyokwisha kulipwa na simu za gharama kubwa. Unafuu wa simu yako unatokana kwa sehemu fulani na aliyenunua simu ghali miaka kadhaa iliyopita.

Kuhusu akili bandia nitaongeza neno moja, kwa kuwa huko ndiko mapato yake yanakokua kwa kasi zaidi sasa. Chipu kubwa za Nvidia hazitoshi peke yake; lazima ziunganishwe kwa ukaribu sana na chipu za kumbukumbu juu ya kipande kimoja cha silikoni. TSMC ilianza kuitengeneza teknolojia hiyo ya uunganishaji baada ya Chiang kurudi mwaka 2009, akapewa mamia ya wahandisi, na kwa miaka kadhaa wateja waliokuwa tayari kuilipia walikuwa wachache mno. Mahitaji ya akili bandia yalipolipuka mwaka 2023, uhaba mkubwa ulikuwa hapo hapo, kwenye uunganishaji.

#11 – Mchangiaji, Mombasa

Nakubali sasa kwamba serikali peke yake si jibu. Lakini dunia nzima kutegemea kisiwa kimoja chenye matetemeko na mgogoro na China, hilo si hatari kwa kampuni yenyewe pia?

#12 – Mleta uzi

Ni hatari kweli. Tetemeko la Septemba 21, 1999 liliua zaidi ya watu 2,400 nchini Taiwan na kusimamisha viwanda vya Hsinchu. Siasa nazo zimekwisha kuigusa: mwaka 2020 masharti ya Marekani yaliilazimisha TSMC kuacha kuihudumia kampuni ya China ya Huawei, mmoja wa wateja wake wakubwa kabisa, na ilitii kwa kuwa mashine na programu inazotumia zina teknolojia ya Kimarekani ndani yake. Kutawala soko hakukuipa uhuru wa kuchagua upande.

Mei 2020 ilitangaza kiwanda katika jimbo la Arizona kwa dola bilioni 12, na ahadi hiyo imepandishwa mara kadhaa hadi kufikia bilioni 165 mwezi Machi 2025. Kiwanda cha Kumamoto, Japani, kilifunguliwa Februari 2024. Chang, aliyestaafu Juni 2018, hakuficha mashaka yake kuhusu Arizona: alisema kwamba uzoefu wao wa zaidi ya miaka 20 katika kiwanda chao kidogo cha jimbo la Washington uliwaonyesha kwamba chipu ile ile hugharimu takriban asilimia 50 zaidi ikitengenezwa Marekani. Hata hivyo Arizona imeanza kutoa chipu za nanometa 4, na taarifa za mavuno yake ni nzuri kuliko wengi walivyotarajia. Utafiti na vizazi vipya bado vinaanzia nyumbani. Nanometa 2 imeanzia Hsinchu na Kaohsiung.